Rununu za vijana, kumbukumbu za wazee: Funzo la picha moja ya Kaloleni

MNAMO mwaka wa 1985, mwanaanthropolojia Mmarekani, Monica Udvardy, aliyekuwa akifanya utafiti miongoni mwa Wagiriama, alimpiga picha mzee mmoja wa eneo la Kaloleni, Kilifi. Mzee alikuwa kando ya vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake waliofariki. Ilikuwa picha ya kamera ya filamu, wala haikupigwa kwa nia ya kuwa ushahidi popote. Baadaye mtafiti huyo alirudi kumkabidhi mzee nakala yake, akaambiwa kwamba vigango vile vimeibwa. Mzee alimsihi amsaidie kuvitafuta.

Ilipita miaka 14. Mwaka wa 1999, katika kongamano la wasomi wa masuala ya Afrika nchini Marekani, mtafiti mwingine, Linda Giles, alionyesha picha za vigango vilivyokuwa vimehifadhiwa katika makumbusho ya chuo kikuu kimoja cha jimbo la Illinois. Udvardy alikitambua kimoja. Kilikuwa kile kile cha picha ya Kaloleni. Cha pili kilipatikana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, jimbo la Virginia. Baada ya mazungumzo marefu, vyote viwili vilirejeshwa Kenya, na mwaka wa 2007 vikakabidhiwa jamaa ya mzee. Mwenyewe alikuwa ameshaaga dunia.

Kwa msomaji asiyetoka Pwani, na asije akadhani tunazungumzia kigango cha kanisa, kigango cha Wamijikenda ni ubao mrefu uliochongwa kwa nakshi na kusimikwa ardhini kwa heshima ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi na uwezo. Asiyekuwa wa Gohu husimikiwa koma, ambayo ni ndogo na haina madoido mengi. Kigango si sanamu ya mapambo. Ni makao ya roho ya mzee, na kwa desturi kikishasimikwa hakihamishwi, hata boma lenyewe likihama. Desturi hiyo ya kutokihamisha ndiyo iliyowarahisishia wezi kazi, maana mahame mengi yalibaki na vigango visivyo na wa kuvilinda.

Soko la vitu hivyo lilishamiri kuanzia miaka ya 1970, wafanyabiashara wa vinyago walipovipeleka ng'ambo. Utafiti wa Udvardy na wenzake, uliochapishwa mwaka wa 2003, uligundua karibu vigango 300 katika makumbusho 19 ya Marekani, mbali na vile vilivyokuwa majumbani mwa watu binafsi. Na walioviiba kutoka mabomani, aghalabu, hawakuwa wageni. Walikuwa vijana wa huko huko, wasio na kazi, waliolipwa vijisenti na madalali.

Swali linalofaa kuulizwa ni hili: kwa nini vigango viwili vya Kaloleni vilirudi hadi kwa jamaa yake, ilhali mamia ya vingine havikurudi? Mwaka wa 2014 makumbusho ya Denver ya elimu ya viumbe na sayansi ilitangaza kwamba ingerudisha vigango 30. Nia haikukosekana. Kilichokosekana ni habari za asili yake, kwa kuwa vingi vya vigango vilivyoko ng'ambo vilisajiliwa kwa maneno machache tu: mbao, Wagiriama, Kenya. Havikuandikiwa kijiji, wala ukoo, wala jina la marehemu. Kwa hiyo hata vikirudi, vitarudi nchini na kutunzwa na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Havitafika kwenye boma lolote, kwa sababu hakuna ajuaye ni boma lipi.

Picha ya 1985 haikushinda kwa ung'avu wake. Ilishinda kwa sababu aliyeipiga alijua ni ya nani, ilipigwa wapi, ilipigwa lini, na vigango vile vilikuwa vya nani.

Tukilitazama jambo hili kwa macho ya leo, tutaona kwamba kijana yeyote wa Kilifi, Bungoma au Kajiado ana rununu inayoweza kupiga picha elfu moja kwa siku moja, kunasa sauti kwa saa kadhaa na kurekodi video ya ngoma tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hesabu ya vifaa peke yake, hakuna kizazi kilichowahi kuwa na uwezo mkubwa kama huu wa kuhifadhi mila na lugha za babu zao. Hata hivyo, fungua simu ya kijana huyo uone. Utakuta mamia ya picha zilizopewa majina ya herufi na tarakimu tu na mashine yenyewe. Muulize yule bibi anayetwanga na kuimba ni nani, na wimbo ni wa shughuli gani. Kama aliipiga mwenyewe juzi, atakumbuka. Kama alitumiwa na rafiki, hajui. Baada ya miaka 10, hata aliyeipiga atakuwa amesahau.

Hapo ndipo penye pengo katika elimu yetu ya kidijitali. Serikali ilianza kusambaza vipakatalishi vidogo kwa wanafunzi wa darasa la kwanza mwaka wa 2016, na mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka wa 2019 uliutaja ujuzi wa kidijitali kuwa mojawapo ya umilisi wa kimsingi. Ni hatua njema. Lakini mtoto akifundishwa kuwasha chombo, kuchapa maneno na kufungua wavuti, amejifunza kukitumia tu. Kutunza kumbukumbu ni ujuzi mwingine, na kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ndio mgumu zaidi na ndio unaopuuzwa.

Ajabu ni kwamba ujuzi huu si mgeni kwetu hata kidogo. Wanakili wa Lamu na Pate, walioandika tenzi kwa hati za Kiarabu, walikuwa na mazoea ya kumalizia kazi zao kwa kutaja jina la mnakili na tarehe ya Hijria, na pengine jina la aliyeagiza nakala. Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka wa 1945, aliwanakilia tenzi nyingi wasomi wa Ulaya, na miswada yake inasomwa hadi leo katika maktaba za London na kwingineko. Utendi wa Tambuka tunaujua kuwa ni kazi ya Mwengo wa Athumani, na ya mwaka wa 1141 Hijria, yaani 1728, kwa sababu mambo hayo yaliandikwa. Tenzi ngapi nyingine zilipotea majina ya watunzi wake kwa kuwa mnakili mmoja alifanya haraka?

Basi kijana afanye nini akitaka kurekodi hadithi za nyanya yake, au majina ya miti ya dawa kama anavyoyajua babu yake?

La kwanza ni kuiacha sauti yenyewe ijitambulishe. Watafiti wa lugha wana desturi nzuri: kabla ya mazungumzo kuanza, anayerekodi hutamka kwa sauti tarehe, mahali, jina lake, jina la msimulizi, lugha au lahaja itakayotumika, na kwamba msimulizi amekubali kurekodiwa. Ni sekunde 30 tu. Faida yake ni kwamba maelezo hayo hayawezi kutengana na rekodi, hata faili ikibadilishwa jina mara 20 au ikihamishwa kutoka chombo hadi chombo. Lahaja isisahaulike. Kusema "Kimijikenda" hakutoshi, kwa kuwa Kigiriama, Kidigo na Kirabai vina tofauti zake, kama vile Kiamu si Kimvita.

Baadaye, jioni hiyo hiyo, faili ipewe jina linaloeleweka, na maelezo marefu yaandikwe kando katika faili ya maandishi matupu au hata katika daftari. Jioni hiyo hiyo, kwa sababu kesho kuna mambo mengine. Tarehe ya simu pia ikaguliwe. Simu iliyozimika betri na kuwashwa bila mtandao yaweza kuandika mwaka usio wake, na kosa hilo likishaingia ndani ya faili ni taabu kuling'amua.

La pili ni njia ya kusafirishia. Wengi wetu tumezoea kutumiana kila kitu kwa WhatsApp, kisha tukadhani tumehifadhi. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida ya huko hupunguzwa ukubwa, na maelezo yaliyokuwa yamefichwa ndani yake, kama vile tarehe halisi ya kupigwa na aina ya kamera, huondolewa. Anayepokea hupata kivuli cha picha. Ikibidi kutumia njia hiyo, picha itumwe kama hati, si kama picha, ndipo itafika kama ilivyo. Bora zaidi ni kunakili faili ya asili moja kwa moja hadi kwenye tarakilishi au flashi.

Kuna jambo linalotatanisha hapa, na vijana wanaotembelea kaya za Wamijikenda wanapaswa kulielewa vyema. Miongoni mwa maelezo yanayofichwa ndani ya picha ni mahali ilipopigwa. Kamera ya simu ikiruhusiwa kutumia huduma ya mahali, huandika latitudo na longitudo ndani ya faili kwa usahihi wa mita chache. Kwa mtunza kumbukumbu, hilo ni tunu. Kwa mwizi wa vigango, ni ramani. Kijana mwenye nia safi kabisa anaweza kupiga picha ya kigango kilichosimama peke yake katika hame, akaituma faili ya asili kwa mtu asiyemjua vizuri, na asijue kwamba amemwelekeza hadi mlangoni. Misitu ya kaya iliingizwa katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka wa 2008, na mila zinazohusiana nayo zikatajwa mwaka wa 2009 kuwa zinahitaji kulindwa kwa dharura. Sehemu kubwa ya utukufu wake inatokana na usiri. Zipo sehemu ambazo hata Mmijikenda mwenyewe haingii bila ruhusa ya wazee.

Kwa hivyo ujuzi wa dijitali ni pamoja na kujua namna ya kuizima huduma hiyo, au kuweka nakala mbili: moja yenye maelezo yote, inayokaa kwa wenyewe, na nyingine iliyofutwa mahali, ya kuonyeshwa watu.

Suala la ruhusa ndilo lenye mzozo zaidi, na halihusu Pwani pekee. Miongoni mwa Wabukusu, wavulana hutahiriwa mwezi wa Agosti katika miaka ya shufwa, na kila msimu unapowadia, kama ilivyokuwa 2022 na 2024, simu huinuliwa juu kumzunguka mtahiriwa. Nyimbo zinazoimbwa ni hazina, na baadhi zimebeba historia ya koo na vita vya kale. Lakini aliye katikati ya duara ni mtoto. Video yake ikisambazwa mitandaoni itamfuata hadi siku atakapotafuta kazi, na hakuna aliyemuuliza. Kurekodi wimbo na kumrekodi mtoto ni mambo mawili. Kijana mwenye ujuzi huielekeza kamera kwa waimbaji, au huirekodi sauti peke yake.

Harusi za Waswahili zimelitafutia jambo hili ufumbuzi wa aina yake. Katika shughuli za akina mama, ambako huimbwa na kuchezwa vugo na chakacha, ni kawaida siku hizi kuwaagiza wageni waziache simu mlangoni. Baadhi ya vijana huona ni ukale. Si ukale. Nyimbo zile zina mafumbo na mafunzo yaliyokusudiwa masikio ya wanawake, na waimbaji huimba kwa uhuru kwa sababu wanajua nani anasikiliza. Binti anayetaka kuhifadhi nyimbo hizo hana budi kuwaendea wenye ngoma siku nyingine, aketi nao, awaulize ni zipi zinazoweza kunaswa na nani ataruhusiwa kuzisikia. Huenda akapata tano kati ya 20. Hizo tano zitakuwa na jina, maelezo na baraka.

Kisheria, jambo hili halikuachwa wazi. Sheria ya mwaka wa 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inataka idhini ya jamii husika, baada ya kuelezwa mambo bayana, kabla ya mtu wa nje kuzitumia sanaa zao. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inailinda picha na sauti ya mtu binafsi. Wakenya hawajasahau jinsi kampuni moja ya Uingereza ilivyoomba kusajili neno "kikoy" kuwa alama yake ya biashara, hadi pingamizi zikatolewa mwaka wa 2007 na ombi likaachwa. Katika mabishano ya namna hiyo, kinachotafutwa ni kumbukumbu yenye tarehe.

Mfano mwema wa jamii iliyojifunza kazi hii kabla ya rununu za kisasa kuenea unatoka Laikipia. Mnamo Septemba 2008, Wamaasai wawili wa Il Ngwesi pamoja na mtaalamu mmoja wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya walisafiri hadi Marekani kupata mafunzo katika kituo cha sanaa za jadi cha Maktaba ya Bunge la nchi hiyo na katika Chuo Kikuu cha Duke. Mpango huo ulidhaminiwa na Shirika la Miliki Bunifu Duniani (WIPO). Walifundishwa kurekodi sauti na picha, kupanga kumbukumbu na kuzitunza, na sambamba na hayo wakafundishwa haki miliki. Mwaka wa 2009 jamii hiyo ikapewa vifaa vyake yenyewe. Tofauti na desturi ya miaka mingi, ambapo mgeni hurekodi na kuondoka na kanda, hapa rekodi zilikuwa za Wamaasai, na ni wao waliopaswa kuamua ipi itoke na ipi ibaki.

Kuhusu kuhifadhi kwenyewe, hakuna siri kubwa. Nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mahali pengine. Simu huibwa matatuni, huanguka majini, hufa. Kadi ya kumbukumbu si jiwe. Na mitandao ya kijamii si maktaba, ijapokuwa vijana wengi wanaitegemea kana kwamba itadumu milele. Google+ ulifungwa mwaka wa 2019. Mwaka huo huo, MySpace ulikiri kwamba picha, video na nyimbo zilizopakiwa katika miaka yake 12 ya kwanza zilipotea wakati wa kuhamisha mitambo. Wanamuziki waliodhani kazi zao ziko salama huko walibaki mikono mitupu.

Wazee wetu wana kisa kama hicho. Nyumba nyingi za Mombasa na Lamu bado zina makasha ya kanda za taarab na mawaidha zilizorekodiwa miaka ya 1970 na 1980. Karatasi za majina zimebanduka, na mashine za kuzichezea hazipatikani kwa urahisi. Kijana anayejua kuunganisha redio ya kanda na tarakilishi kwa waya mmoja, akaihamisha sauti huku mwenye nyumba akiwa kando yake akitaja nani anaimba na ilikuwa harusi ya nani, anafanya kazi ambayo hakuna makumbusho yatakayoweza kuifanya baada ya mwenye nyumba kufariki.

Inabaki nakala ya mwenyewe, ambayo aghalabu husahaulika. Mtafiti wa 1985 asingerudi Kaloleni na picha mkononi, huenda asingejua kwamba vigango vimeibwa, na mwaka wa 1999 asingekuwa na sababu ya kukitazama kwa makini kigango kilichopita mbele yake kongamanoni. Jamaa nyingi za mashambani hazina tarakilishi, na simu ya mzee huenda ni ile ndogo ya kupiga na kupokea tu. Kwa hiyo picha ipelekwe studio mjini ichapishwe kwenye karatasi. Nyuma yake yaandikwe kwa wino majina ya waliomo, kijiji, siku na mwaka, kisha irudishwe bomani kwa mkono, na mzee aulizwe kama majina yameandikwa sawasawa.